Watu wa Rotterdam Waliochongwa Tabaka

Wadogo zangu, nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, mgongo unaniuma upande wa kulia, na vidole vyangu havina alama tena, msasa umezila zote. Mwalimu wetu alipoleta kile kimashine cha kusajili wanafunzi kwa kidole gumba, kilinikataa mbele ya darasa zima. Kikasema mimi si mtu. Nimesugua mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga vinyago, hapa kwetu Tabaka, Kisii, kila likizo na kila Jumapili tangu darasa la nne, na sasa mama ameamua kwamba mwaka wa mtihani na vumbi haviingii nyumba moja. Basi beseni la kusugulia nawaachia nyinyi. Lakini kabla hamjatumbukiza mikono, kaeni kidogo.

Jambo la kwanza si kuchonga. Hakuna mtu atakayekupa patasi, hata ukilia. Jambo la kwanza ni kusikiliza. Jiwe likitoka machimboni ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia kama kikombe, chukua. Likijibu kama mlango wa choo, lina ufa, liache hapo hapo. Ukiwa na shaka, limwagie maji uliweke juani. Litakauka lote, ila ufa utabaki umelowa, kamstari kembamba kama ka penseli. Kamstari hako ndiko kanakotenganisha ndovu mzima na ndovu wa miguu mitatu.

Aliyenifundisha hayo ni Mama Achieng, mkuu wa msasa katika karakana ya baba yangu mdogo, Nyakundi. Alitoka kule ziwani akaja Tabaka wakati karakana haina hata paa, na mimi sijafikiriwa na mtu yeyote. Mpaka leo wateja wakiingia na kusikia Kiswahili chake wanamuuliza, "Mama, kwenu ni wapi?" Yeye hata hainui kichwa. "Kwetu ni hapa kwa beseni. Wewe unataka kununua au unataka kuoa?"

Msasa nao una heshima zake. Unaanza na ule mkali, kisha wa katikati, kisha laini, na maji hayakauki beseni. Ukiruka wa katikati kwa sababu mpira unaanza saa kumi, jiwe litakusema likishapakwa nta. Siku moja niliruka wa katikati kwa kundi zima la ndovu. Nta ilipokauka wakaonekana wamekwaruzwa kila mahali. Baba mdogo akamwinua mmoja juani, akamgeuza, akauliza kwa upole, kwa lile neno letu la kumwita kijana, "Mura, hawa ndovu wamepata surua?" Niliwasugua upya huku nikisikia magoli ya wenzangu kwa mbali.

Hata kufungasha kumebadilika. Wazee wanasema zamani walifungia vinyago kwa majani makavu ya mgomba, yalikuwa bure na laini. Hadi mjusi mmoja akalala ndani ya majani na kuamkia Ulaya, kwenye meza ya mteja. Malalamiko yakaja, majani yakapigwa marufuku, tukahamia magazeti. Mimi huwa nasema yule mjusi ndiye mhamiaji wa kwanza wa ukoo wetu kufika Rotterdam. Shangazi Moraa ni wa pili.

Shangazi Moraa ni dada ya baba mdogo. Anakaa huko Rotterdam, mji wa bandari kule Uholanzi, na kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Kuwaosha, kuwapa dawa, kusikiliza hadithi ile ile kila asubuhi. Halafu siku za soko anaweka meza na kuuza mawe yetu. Karakana nzima ilikuwa imesimama juu ya meza hiyo. Madalali wa mjini Kisii tuliachana nao kitambo, kwa sababu wao hununua kinyago kama mtu anayekusaidia kutupa takataka.

Kwa miaka mingi meza ile ilitaka twiga. Twiga aliyesimama, twiga aliyelala, twiga wawili wamepindishiana shingo. Baba mdogo angeweza kuchonga twiga huku anabishana habari za siasa, bila kumtazama. Kisha siku moja shangazi akapiga simu ya video. Simu tuliiegemeza kwa kiboko ambaye hajamalizika, sote tukainama.

"Nyakundi, twiga haendi."

"Haendi wapi?"

"Haendi popote. Amesimama hapa mezani ananiangalia."

Akatueleza. Waliokuwa wakinunua twiga ni wale wale wazee wake. Walikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati mahali pa twiga. Sasa wazee wanakufa mmoja mmoja. Watoto wao walishahamia vijiji vyenye nyasi, hawarudi mjini. Nyumba ikibaki tupu anaingia mtu mwingine kabisa.

"Nani?" baba mdogo akauliza.

"Waturuki, Wamoroko, watu wa Surinam, Wapolandi wanaofanya kazi bandarini. Wasiria. Siku hizi na Waukraine."

"Na wazungu?"

"Mpolandi si mzungu?"

Baba mdogo akafikiri. "Namaanisha wazungu wenyewe."

"Wenyewe gani, ndugu yangu? Kwenye ngazi zetu ukisalimia kwa Kiholanzi unajibiwa na mama wa Kituruki aliyezaliwa hapo, tena anakusahihisha matamshi."

"Na hawa wapya hawapendi twiga?"

"Mama mmoja wa Kimoroko alimshika, akamgeuza juu chini, akaniuliza: huyu anafanya kazi gani?"

Swali hilo lilimuumiza baba mdogo kuliko tusi. Kwa siku kadhaa alikuwa akimshika twiga na kumtazama kana kwamba anamhoji kazi. Halafu tukajaribu kuwa watu wa manufaa. Tukachonga vinu vidogo vya kusagia pilipili, vizuri kweli, na mimi mwenyewe nilivisugua mpaka vikawa kama mashavu ya mtoto. Kumbe hatukuwaza. Jiwe la sabuni ni laini, ndiyo maana linachongeka. Wateja wakasaga pilipili, na kinu kikasagika pamoja nayo. Shangazi alisema kwa wiki nzima mtaa mmoja wa Rotterdam ulikula Tabaka.

Baada ya vinu akaja na neno zito. Meza imebaki na msimu mmoja. Ikishindwa kujilipia mahali pake sokoni, anaitoa. Baba mdogo hakubishana. Kulikuwa na mwalimu mstaafu kule Nyansiongo aliyekuwa akimtaka akamkamulie ng'ombe na kulala huko huko. Akaosha patasi zake, akazitia guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Mama Achieng alitazama lile gunia kisha akaendelea kusugua sahani ambayo hakuna aliyeiagiza. Yeye hakuwa na mwalimu mstaafu anayemngoja mahali.

Ndipo ikaja kazi ya ghorofa.

Ghorofa analokaa shangazi lina ukumbi mdogo pale chini, wa harusi, matanga na mikutano ya kugombania lifti. Wakazi walitaka kitu cha kuweka mlangoni, sanamu ya watu wote wa ghorofa wakiwa pamoja, kwa jiwe moja. Shangazi akawaambia anao watu. Maghorofa ya jirani yalikuwa na kumbi kama hizo, nayo yalikuwa yanatazama. Ikipendeza, kazi itakuwepo. Isipopendeza, "Nyakundi, nenda ukakamue."

Sasa kazi hiyo sisi ndiyo yetu. Mnaijua ile tunayoiita familia, watu wamekumbatiana hadi hujui mkono ni wa nani, nyuso hazina macho wala pua, na bado unamtambua mama ni yupi. Baba mdogo akafungua gunia. Shangazi akatuma video ya wakazi ukumbini, wakipunga mikono. Palikuwa na Bibi Tereza, mama mfupi mweusi kutoka Cape Verde, aliyeletwa huko na mume baharia. Palikuwa na Mturuki mwenye kofia, mama wa Kimoroko mwenye mtandio, Mpolandi mnene, na msichana wa Surinam mwenye nywele nyingi. Na mbele yao wote alikuwa Daan, kijana wa Kiholanzi, mrefu kama nguzo ya stima, nywele rangi ya ndizi mbivu, ndiye anayepanga viti.

Baba mdogo akatazama mara moja, akasema, "Nimeona."

Hapa niwaeleze kitu ambacho nyinyi mnakijua ila hamjawahi kukifikiria, kama mnavyojua harufu ya nyumba yenu. Kwetu kuna neno omomenyi. Ni mtu wa ukoo mwingine aliyekaribishwa akakaa kwenye ardhi ya wenyewe. Atalima, ataoa, atazika wazazi wake hapo. Adabu inakataza kumwita hivyo mbele ya uso wake. Lakini siku ya sherehe, kiti cha kwanza hakikosei, kinajipeleka chenyewe chini ya mwenye ardhi. Hakuna anayeuliza. Kwa hiyo baba mdogo naye hakuuliza. Akamchonga Daan katikati, amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu kama mwenye boma, magoti yamepanuka, mabega kama mlango. Wengine wote akawasimamisha kumzunguka, wamemwinamia kidogo. Bibi Tereza alibanwa ubavuni, kichwa kwenye kiwiko cha Daan, maana jiwe upande ule lilikuwa limeisha.

Kusema kweli lilikuwa jambo la kupendeza. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Mtu akasema mwenye kiti anafanana na chifu.

Mama Achieng alikuwa anakisugua kigoda. "Huyu mwenye kiti amekaa vizuri sana," alisema. Mkono wake ukaenda polepole kuliko kawaida.

Tulimpigia shangazi kabla ya nta, kama desturi. Akatazama. Akasogea karibu na simu hadi tukaona paji la uso tu.

"Kwa nini Daan amekaa?"

"Si ndiye mwenyeji?" baba mdogo akasema. "Huo mji si wa Waholanzi?"

"Daan alihamia hapa mwaka huu! Ametoka shambani kwao, kwenye ng'ombe. Hajui hata siku ya kutoa takataka, anamuuliza Bibi Tereza. Sisi sote tunamuuliza Bibi Tereza. Yule mama alifika kabla ya lifti, Nyakundi. Na wewe umemweka hapo kwapani kama kipima joto!"

"Lakini nchi, Moraa. Nchi ni ya akina Daan."

"Na Nyansiongo ni ya nani?" Shangazi sasa aliingia Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, na shangazi akiingia Ekegusii unatafuta mahali pa kusimama. Nawaelezea kwa Kiswahili. "Nyanya yetu alihamia pale mzungu mwenye shamba alipotoka. Jirani wa kulia katoka Bonchari, wa kushoto katoka Kitutu, wa nyuma Mkipsigis. Nani alileta kigoda akasema mimi ndiye wa kukaa? Aliyetangulia kufika aliwaonyesha wengine kisima kiko wapi. Basi. Huyo ndiye waliyemwinukia akipita."

Baba mdogo akakuna shingo. Nikaona jicho lake limehama kutoka kwenye simu, limetua kwa Mama Achieng na beseni lake, likakimbia haraka kutazama dari.

"Mzigo unaondoka lini?" shangazi akauliza.

"Wiki hii."

"Basi chonga lingine."

"Hakuna jiwe. Mvua imejaza machimbo, na kipande kikubwa kisicho na ufa kama hiki nilikingoja tangu mwaka jana."

Nikajaribu kusaidia. "Tunaweza kumkata kichwa Daan tukasema ni mtindo wa kisasa." Hakuna aliyecheka. Wadogo zangu, mkiona hata mimi nimekosa wa kucheka, jueni hali ni mbaya.

Ugumu wa kazi yetu ni huu. Fundi wa udongo akikosea anaongeza udongo. Seremala anapigilia kipande. Sisi hatuna kuongeza, tunajua kupunguza tu. Bibi Tereza hakuweza kuwa mkubwa, jiwe lake limeisha. Njia moja iliyobaki ni wengine wapungue.

Mama Achieng akakausha mikono kwa leso. Akaja, akaweka kiganja kwenye mapaja ya Daan, kisha akakipeleka kiunoni mwa Bibi Tereza, akakirudisha. "Nyakundi. Haya magoti. Kwani yana jina?"

"Magoti ya Daan."

"Yako karibu na nani?"

Baba mdogo akainama. Akafunga jicho moja. Nikamwona anaelewa, kuanzia shingoni. Kigoda na mapaja yakikatwa upande wa Daan na kuachwa upande wa pili, yanakuwa ya Bibi Tereza. Yeye ndiye anakaa. Na lile pande la kifua na mabega lililobaki juu ya magoti yale?

"Aliyefika mwisho nyumbani ni nani?" Mama Achieng akauliza.

"Mtoto," baba mdogo akajibu.

"Basi apakatwe."

Ilikuwa kazi ya kutisha. Tulimwaga maji, tukasubiri jua, na chini ya kigoda kikabaki kile kimstari cha penseli. Ufa ambao mwanzoni haukuonekana, mfupi, lakini ufa. Pigo moja la tezo vibaya na Bibi Tereza anapoteza miguu. Baba mdogo akaiweka tezo chini kabisa, akachukua kisu, akaanza kukwangua kama mtu anayemenya kiazi cha mgonjwa. Mama Achieng alishika jiwe kwa mikono miwili, shavu karibu na ufa, akisikiliza. "Endelea… Endelea… Hapo pumzika." Mabega ya chifu yakaanguka unga mweupe juu ya viatu vyangu. Shingo ikaisha. Kichwa kikapungua hadi ukubwa wa limau. Kufikia jioni, nguzo ya stima ilikuwa mtoto mchanga mwenye nywele za kusimama, amelala kwenye magoti ya bibi mfupi, na wale wengine waliokuwa wamemzunguka mwenye boma sasa walikuwa wameinama kumtazama mtoto. Hatukuwagusa hao. Kuinama walikuwa wameinama tangu mwanzo.

Baba mdogo akapangusa uso, akabaki na uso mwingine wa vumbi. "Mama Achieng," akasema, "keti." Kulikuwa na kiti kimoja tu cha mgongo pale karakanani, kilikuwa chake. Mama Achieng akamtazama, akaketi, akanyoosha miguu. Nikamletea chai.

Mzigo ukaenda. Halafu ikaja ile subira ambayo hakuna msasa wa kuisugua. Mwalimu wa Nyansiongo alipiga simu akiuliza, baba mdogo akamwambia mtandao ni mbaya, ingawa alikuwa anamsikia vizuri sana.

Siku ya kufunua, shangazi aliishika simu juu tuone ukumbi wote. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Bibi Tereza akatolewa mbele, fimbo mkononi. Akapitisha kiganja kwenye yale magoti ya jiwe, akasema kitu, shangazi akatutafsiria: "Anasema si yake. Yake yamevimba." Lakini hakuondoa mkono.

Daan akajitafuta. Alianza na waliosimama, kwa sababu ya urefu wake, akawahesabu kwa kidole, akarudia. Bibi Tereza akamgonga mguuni kwa fimbo, akamwonyesha mtoto. Kijana akawa mwekundu, kutoka kola hadi nywele. Sisi huku tukaacha kupumua, maana mtu mzima kuitwa mtoto mbele ya watu ni jambo la kwenda kwa wazee. Kisha akachuchumaa chini kabisa, ili kichwa chake kilingane na kile cha limau, akakaa hapo akikitazama. Alipoinuka aliuliza swali.

"Anauliza," shangazi akasema, "akihamia mtu mwingine baada yake, itakuwaje? Jiwe si limekwisha?"

Mama Achieng ndiye aliyejibu, kwa sauti, kutoka kwenye kile kiti. "Mwambie kwamba mama wa jiwe bado anazaa."

Shangazi akatafsiri. Kicheko hakikuja chote mara moja. Kwanza walicheka waliojua Kiholanzi. Kisha Mturuki akamgeukia mkewe, wakacheka hao. Kisha Wapolandi. Kisha kona ya Waarabu. Kilizunguka ukumbi kama sahani ya mchango kanisani, kila mtu akimpokeza jirani. Karibu na mlango alisimama mama mmoja ambaye shangazi mwenyewe hakumfahamu, bado na koti, begi miguuni, na hakupata wa kumtafsiria. Alitazama huku na huku, akawaona wenzake, akaanza kucheka tu pamoja nao.

Baba mdogo akasogea karibu na simu hadi pua ikagusa kioo.

"Moraa, huyo wa mlangoni, msimamishe hapo nimwone vizuri," akasema. Kisha akanigeukia. "Mura, kalete jiwe dogo. Gonga kwanza."